Fonti ya mwandiko inapoharibu kadi: dalili, chanzo na tiba

Kadi ya harusi hubebwa na majina mawili, na wateja wengi hutaka majina hayo yaandikwe kwa fonti ya mwandiko: herufi zimelala kidogo, zimeshikana, na herufi kubwa zina mikia inayozunguka. Great Vibes, iliyochorwa na Mmarekani Robert Leuschke, ni mojawapo ya zinazotumika sana. Inapatikana bure Google Fonts, na leseni yake, SIL Open Font License, inaruhusu kazi ya biashara. Mifano ya hapa naiegemeza kwake, lakini matatizo ni yale yale ukitumia Allura, Alex Brush, Pinyon Script au Edwardian Script.

Shika jambo moja kabla ya kugusa chochote. Katika fonti ya kawaida kila herufi inajitegemea. Katika fonti ya mwandiko, mchoraji amekata mkono wa kila herufi mahali hasa ambapo herufi inayofuata inaanzia. Karibu kila ubovu utakaouona ni kiungo hicho kimeguswa: na mpangilio wa programu, na mashine, na wino, au na jina ambalo mchoraji hakulifikiria. Kwa hiyo vuta picha karibu na utazame viungo kwanza, kabla ya kuilaumu fonti na kutafuta nyingine.

Herufi hazishikani

Umeandika "Neema", unaona herufi tano zilizopangwa mstari, kila moja na mkono unaoning'inia hewani.

Chanzo cha kawaida ni nafasi kati ya herufi. Kiolezo cha kadi kilikuwa na kichwa cha herufi za kawaida zilizoachanishwa, mtu akabadilisha fonti peke yake, na ile nafasi ikabaki. Kwenye Canva irudishe sifuri. Kwenye Word fungua dirisha la Font, ukurasa wa Advanced, pale Spacing pasomeke Normal. Kwenye Illustrator na Photoshop, Tracking iwe 0. Hata nyongeza ndogo ambayo huioni kwenye skrini itatoa ufa jina likichapwa kwa ukubwa wa bango la ukumbini.

Nafasi ni sifuri na mapengo bado yapo? Kwenye programu za Adobe tazama Kerning. Ikisomeka Optical, programu inapuuza vipimo vya mchoraji na kukadiria umbali kwa kutazama maumbo. Kwa fonti nyingine makadirio hayo husaidia. Kwa mwandiko ulioshikana yanavunja kila kitu. Chagua Metrics.

Kwenye tovuti, tafuta letter-spacing, yaani amri ya nafasi kati ya herufi, ambayo kichwa cha habari kimeirithi kutoka kwenye mtindo wa ukurasa mzima. Hapa hasara ni mbili: herufi zinaachana, na kivinjari kinaacha kutumia herufi pacha ambazo mchoraji aliziandaa ili jozi fulani zishikane vizuri. Iandike wazi kuwa ni 0 kwa kichwa hicho.

Kuna na majina yaliyopindwa kufuata duara la maua. Programu huzungusha kila herufi peke yake, basi kila kiungo kinapata kona, upande wa juu unafunguka na upande wa chini unabanana. Duara likiwa kubwa sana kasoro haionekani. Likiwa dogo, andika jina likiwa limenyooka, ligeuze kuwa umbo, kisha ulipinde lote kwa zana ya Warp au Envelope. Hapo kiungo hupinda pamoja na herufi zake.

Maandishi yote ni kama mizizi iliyosukana

Umeandika kwa herufi kubwa tupu. Herufi kubwa za mwandiko zilichorwa zisimame mwanzoni mwa neno, peke yake, zikiwa na nafasi ya kurusha mikia. Ukiziweka kumi pamoja zinapigana. Andika "Bwana na Bibi", kamwe usiandike BWANA NA BIBI. Mteja akisisitiza herufi kubwa, mpe fonti iliyosimama yenye vijiguu (vijistari vidogo kwenye ncha za herufi) kwa mstari huo, na mwandiko ubaki kwenye majina.

Viungo ni vizima, lakini jina halisomeki

Hili ndilo tatizo linaloniuma zaidi, kwa sababu mtengeneza kadi hulikuta baada ya kadi mia tatu kuchapwa, na linahusu lugha yetu hasa.

Herufi m, n, u, w na i katika mwandiko huu zimejengwa kwa mstari ule ule mfupi unaopanda na kushuka, na Kiswahili kinazitumia mno. Chukua neno "mnunuzi": kabla hujafika kwenye z umeshapita mistari 11 iliyosimama, yote inafanana. "Umuhimu" hali kadhalika. Kisha njoo kwenye majina: Mwanaidi, Munuo, Mwinyimvua, Nuru. Maneno ambayo tovuti za fonti hukuonyesha kwa kawaida ni ya Kiingereza, yenye b, d, f, l na t nyingi zinazopanda juu na kulivunja safu. Ndiyo maana fonti inang'aa kwenye tangazo lake, na kwenye kadi ya binti Mwanaidi inageuka wimbi lisilo na herufi.

Usichague fonti kwa kutazama jina la fonti lililoandikwa kwa fonti yenyewe. Andika majina ya maharusi na ya wazazi wa pande zote mbili, kisha tazama mambo haya. Je, n imejipinda juu na u imejipinda chini kiasi cha kutofautika ukisimama hatua mbili? Je, w inamalizia kwa kijikitanzi cha juu, au inateleza tu hadi kwenye herufi inayofuata? Je, k ndogo inasomeka? Fonti nyingi huipa k kitanzi kirefu na tumbo dogo hata ikafanana na h, na "kaka" ikawa "haha".

Herufi kubwa zina mtego wake. T na F huvaa kofia moja. L na S hupishana kidogo tu. I na J zote hushuka na kupinda kushoto. Kwa mwandiko wa namna hiyo Temu husomeka Femu, Lema husomeka Sema, na Issa husomeka Jssa. Wenye ukoo watajua, ila kadi haiendi kwa wenye ukoo peke yao. Mpe mtu asiyewajua maharusi aisome kwa sauti. Akisita kwenye jina, tafuta kama fonti ina umbo mbadala la herufi hiyo. Fonti nzuri huwa nalo. Isipokuwa nalo, badilisha fonti, hata kama mama wa bibi harusi ameshaipenda.

Tarakimu zisiandikwe kwa mwandiko. Sitaki kulilegeza hili. Kadi ya mchango hubeba namba ya simu ya kutumia pesa, na 1 yenye mkia inasomeka 7, na 0 iliyolala inasomeka 6. Namba ikikosewa, mchango unakwenda kwa mtu asiyehusika. Tarehe, saa, ukumbi na namba za simu ziandikwe kwa herufi za kawaida zilizo wazi, ukubwa wa kumtosha mzee asiyevaa miwani.

Ng'ang'a imekatika, Wanjikũ ina herufi ya kigeni

Ritifaa ya ng', kile kialama cha juu, ni kisu ndani ya fonti ya mwandiko. Mkono wa g unapanda kutafuta herufi inayofuata, unakuta ritifaa, unaishia hewani; a inayofuata inaanza bila kushikwa. Nyang'oro na Ng'ang'a hupata majeraha haya. Kama kadi ni ya kuchapwa tu, dawa ni hii: andika jina bila ritifaa ili herufi zishikane, kisha weka ritifaa kama kipande cha pekee juu ya kiungo, kati ya g na a, na uvifunge pamoja visihame. Usifanye hivyo kwenye tovuti wala kwenye mwaliko wa maandishi, kwa sababu anayetafuta jina hatalipata na msomaji wa sauti atalisoma vibaya. Hakikisha pia ritifaa imejipinda upande wa kushoto kama tarakimu 9 ndogo. Ile iliyonyooka huonekana kama uchafu katikati ya herufi zilizolala.

Kwa majina ya Kikuyu na Kikamba yenye ĩ na ũ, dalili ni kisanduku kitupu, au herufi moja iliyonyooka iliyoazimwa kutoka fonti nyingine. Fonti haina herufi hizo. Njia rahisi ya kutafuta inayofaa ni kuchagua zinazotajwa kuwa zinahudumia Kivietinamu, kwa kuwa lugha hiyo nayo inaandikwa kwa ĩ na ũ. Dancing Script ya Pablo Impallari ni mojawapo. Ikiwa kiwimbi kipo lakini kimekaa pembeni au kimepaa mbali, huenda maandishi yaliyonakiliwa kutoka kwenye simu yana herufi mbili zilizowekwa pamoja, u na kiwimbi chake, badala ya ũ moja. Futa uandike upya kwa kibodi yenye herufi kamili.

Mikia imekatwa

Mkia wa herufi kubwa, au kitanzi cha g na y, kimekatwa wima kana kwamba kwa wembe. Herufi yenyewe ni nzima. Programu imeipa nafasi ndogo kuliko mwili wake, maana mikia ya fonti hizi hutoka nje ya kisanduku cha herufi kwa makusudi.

Kwenye Word, chanzo mara nyingi ni nafasi ya mistari iliyowekwa Exactly. Ibadilishe iwe Single au At least. Mkia ukikatwa upande wa kushoto wa kisanduku cha maandishi, ongeza nafasi ya ndani ya kisanduku au anza mstari kwa nafasi tupu moja. Kwenye tovuti, tazama overflow iliyowekwa hidden, amri inayoficha kila kinachotoka nje ya kisanduku. Tazama pia ile mbinu ya kujaza herufi kwa rangi ya dhahabu inayofifia, background-clip: rangi haivuki mipaka ya kisanduku, basi mkia uliotoka nje haupati rangi, hauonekani. Ongeza padding, nafasi ya ndani ya kisanduku, pande zote nne na utaurudisha.

Kwenye tangazo ni nzuri, kwenye Word imepauka

Herufi zile zile zinajirudia bila mabadiliko, viungo vya o na r au b na e vimekaa vibaya, na mikia ya mapambo haipo. Fonti za OpenType hubeba maumbo kadhaa ya herufi moja pamoja na kanuni za lipi litumike wapi. Zapfino ya Hermann Zapf ni mfano unaojulikana, d yake tu ina maumbo kadhaa. Word inazijua kanuni hizo tangu toleo la 2010, ila mara nyingi haiziwashi zote yenyewe. Rudi kwenye Font, Advanced: weka Ligatures (herufi pacha) kuwa Standard Only, tia alama kwenye Use Contextual Alternates, kisha pitia Stylistic Sets moja moja uone. Maneno hubadilika sura palepale.

Na usibonyeze B wala I. Fonti hizi nyingi zina uzito mmoja tu. B huifanya programu ipake wino kingo zote, mistari myembamba ikavimba na macho ya e na a yakazibika. I hulaza herufi ambazo tayari zimelala, na viungo hukosana.

Kwa mpiga chapa imefunguka kama fonti nyingine

Ulituma faili la Word au la Illustrator, kompyuta yake haina fonti hiyo, ikachukua iliyo karibu. Tuma PDF, ambayo kwa kawaida hubeba fonti ndani yake. Kwa majina makubwa, yageuze kuwa michoro kabla ya kutuma, na uhifadhi nakala nyingine ambayo bado ni maandishi, kwa sababu familia itakuja kusahihisha jina saa ya mwisho.

Usitume kadi kwa WhatsApp kama picha. Picha hubanwa, na vinavyokufa kwanza ni mistari myembamba: kingo zinakuwa na meno. Itume kama hati.

Mistari myembamba imepotea kwenye karatasi

Mwandiko huu ulikulia kwenye shaba. Walimu wa mwandiko wa Uingereza katika karne ya 18 waliandika kwa kalamu ya unyoya, na wachongaji kama George Bickham wa London walichonga kurasa zao kwenye sahani za shaba, ambako mfereji mwembamba kabisa unashika wino na kuuachia karatasini. Tofauti ile kubwa kati ya mstari mnene na mwembamba ilitoka huko, na fonti za leo zimeirithi. Snell Roundhand ya Matthew Carter, ya miaka ya 1960, imejengwa juu ya mwandiko wa Charles Snell wa zama hizo hizo. Mashine ya steshenari haikujengwa kwa ajili hiyo.

Kipimo ninachokitumia: mstari mwembamba usiwe chini ya robo pointi, yaani karibu milimita 0.09, ukichapwa kwa wino mweusi juu ya karatasi nyeupe. Ukiwa mweupe juu ya rangi iliyokolea, uongeze mara mbili, kwa kuwa wino wa pembeni hutambaa na kuufunika. Pima mara moja tu: geuza jina kuwa umbo, pima sehemu nyembamba kuliko zote, kisha piga hesabu. Ikiwa kwa ukubwa wa pointi 24 ni robo pointi, kwa pointi 12 ni nusu ya hapo, na itakatika. Ndiyo maana majina hupendeza na mstari wa "mnakaribishwa wote" chini yake, kwa fonti ile ile, huwa vumbi.

Rangi nayo huua. Kahawia au damu ya mzee inayotengenezwa kwa wino nne huchapwa kwa vidoti, na mstari mwembamba kuliko kidoti hauwezi kuwa mstari. Chagua nyeusi tupu, au umwombe mchapaji wino mmoja uliochanganywa tayari. Dhahabu ya wino nne ni manjano yenye matope. Anayetaka dhahabu alipie foili, utando wa kung'aa unaobandikwa kwa joto. Ila foili haishiki vizuri mistari myembamba kwenye karatasi yenye mikwaruzo, na macho ya e huziba. Karatasi laini na herufi kubwa, au iache.

Stika imekatika vipande, jina la keki limevunjika

Kwenye skrini viungo vinaonekana vimeungana, kumbe herufi zimelaliana tu. Kisu cha plota, mashine ya kukata stika, hufuata mzingo wa kila herufi, basi jina linatoka likiwa vipande. Dalili hiyo hiyo huonekana ukiweka mstari wa pembeni kwenye herufi, au ukipunguza ukolevu wake: mishono inajitokeza. Unganisha maumbo yawe moja: kwenye CorelDRAW ni Weld, Illustrator ni Unite, Inkscape ni Union. Ukitumia Combine badala yake, mahali herufi zilipolaliana patatoboka. Kama ni mstari wa pembeni tu, kwenye Illustrator uweke chini ya rangi ya ndani kupitia dirisha la Appearance, na maandishi yatabaki maandishi.

Majina ya akriliki ya kuchomeka kwenye keki yanataka zaidi. Nukta ya i haina cha kushikia, na Kiswahili kimejaa i. Ivute nukta iguse mwili wake, au uiache kabisa pale jina linaposomeka bila hiyo. Nenepesha umbo lote kwa Offset Path kabla ya kulipeleka kwa leza, maana mstari mwembamba huvunjika mtu akichomoa tu karatasi ya kinga. Kwa udarizi kwenye sare za saluni au fulana za kamati, mstari chini ya milimita 1 haushonwi vizuri; hapo chagua mwandiko mnene wa brashi, huu wa kalamu uwaachie wachapaji.

Bismillahi imeachana na imegeuka

Kadi nyingi za Unguja na Mombasa hufunguliwa kwa Bismillahi kwa herufi za Kiarabu. Ukichagua maandishi yote na kuyapa Great Vibes, mstari huo haupo ndani ya fonti hiyo, unaangukia fonti yoyote iliyo karibu. Mbaya zaidi, kwenye programu za Adobe herufi zinaweza kutoka moja moja na kuanzia kushoto. Washa mpangilio wa World-Ready au wa Mashariki ya Kati, uupe mstari huo fonti yake ya Kiarabu, kisha mwonyeshe anayesoma Kiarabu kabla ya kuchapa. Kwa maneno haya sikubali kubahatisha.

Visanduku kwenye simu ya mwenzako

Maandishi ya mapambo unayonakili kutoka kwenye tovuti za kubadilisha jina kuwa 𝓝𝓮𝓮𝓶𝓪 hayana fonti ndani yake. Ni alama za hisabati zilizowekwa kwenye Unicode, orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, kwa kazi nyingine, na simu isiyo nazo huonyesha visanduku. Programu za kuwasomea wasioona huzitamka kama alama za hisabati au huziruka. Jina la biashara yako liandike kwa herufi za kawaida, na mwandiko uwe ndani ya picha ya nembo.

Herufi za mikia zinazouzwa pamoja na fonti zinaweza kufanya vivyo hivyo. Baadhi ya wachoraji huzihifadhi kwenye sehemu ya Unicode isiyo na maana maalumu, ili zinakiliwe kwa urahisi. Ukizipeleka nje ya fonti yake zinakuwa visanduku, hivyo zitumie kwenye mchoro wa mwisho tu.

Na kama 5, @ au alama ya & haionekani kabisa, soma faili la leseni lililokuja na fonti. Huenda umepakua toleo la majaribio, la matumizi binafsi, lililopunguzwa herufi makusudi. Kwa kadi ya kulipwa, nunua toleo kamili au rudi kwenye fonti zenye leseni huria.